Njia Hutaka Kiangazi, Mto Hutaka Masika

Masika yalipoanza mwaka huu naliwapa watoto wa darasa la sita kazi ya jiografia. Naliwaambia, kila mmoja afanye shauri la safari ya mashua, itoke hapa Makumira hata ifike baharini, achore ramani yake na kuandika siku atakazotumia. Mmoja wao, kijana mpole asiyesema sana, akaleta karatasi yenye mstari mmoja wa buluu tangu mwanzo hata mwisho. Mashua yake ilianza katika mfereji upitao nyuma ya nyumba yao, ikaingia mto wa Usa, ikashuka Kikuletwa, ikavuka bwawa la Nyumba ya Mungu, ikafuata mto Pangani na kutokea Bahari ya Hindi. Chini ameandika: siku kumi.

Nikamwuliza, "Penye ukuta wa bwawa utapitaje? Na penye maporomoko kule Hale?"

Akafikiri, akajibu, "Pale nitashuka, Mwalimu, niibebe."

Wenzake wakacheka sana. Mimi sikucheka, kwa kuwa nalikumbuka ya kuwa watu wazima, wenye vyeo na fedha nyingi, walikwisha kulijibu swali hilo vivyo hivyo, tena mashua zao zikabebwa kweli. Kijana alisema ataibeba mwenyewe, hao walibebewa. Habari zao ndizo ninazotaka kuwasimulia.

Sisi watu wa Meru twaijua mifereji tangu utoto. Wazee wetu waliichimba mlimani kabla ya Wazungu kufika, wakayaelekeza maji kwa jembe na kwa macho tu, wakaweka zamu na wazee wa kuzisimamia, na mpaka leo mwenye kuyafungua maji usiku isipokuwa zamu yake huitwa barazani kujibu. Lakini mfereji wetu ni wa kunywesha migomba na kahawa, hauchukui chombo. Huko Ulaya iko mifereji ya namna nyingine, mipana na yenye kina, inayounga mto na mto, ziwa na ziwa. Mtu aweza kukaa nyumbani wakati wa baridi akaifunua ramani, akafanya shauri la safari ya majuma mengi, na miti inapochipua akaingia mashuani asitoke ila kununua mkate. Pale penye kilima hujengwa milango ya maji: chombo huingia katikati ya milango miwili, maji hujazwa, nacho huinuliwa taratibu mpaka kikawa sawa na maji ya juu.

Nchi zetu zina maziwa ambayo Ulaya haina mfano wake. Ziwa Tanganyika peke yake lina urefu wa maili zaidi ya 400. Lakini mfereji wa kuyaunga maziwa haya hakuna, na katikati yake pana milima, maporomoko na misitu. Basi kila aliyefanya shauri la kutia chombo cha chuma au cha injini katika maziwa, ilimpasa kwanza kufanya shauri la nchi kavu.

Mwaka 1874 Henry Stanley alitoka Bagamoyo na mashua yake, Lady Alice, imekatwa vipande, nayo ikachukuliwa na wapagazi mpaka ziwa Viktoria. Mwaka uliofuata Kanisa la Scotland lililoitwa Free Church liliwatuma watu wake ziwa Nyasa, wakiongozwa na baharia aliyeitwa E. D. Young, pamoja na daktari Robert Laws. Walikuwa na meli ndogo ya chuma, Ilala, iliyotengenezwa ili iweze kufunguliwa na kufungwa tena. Waliiunga penye mdomo wa mto Zambezi, wakapanda nayo, wakaingia mto Shire. Kwenye maporomoko ya Shire maji yakawakatalia. Ndipo wakaifungua yote, na watu kama 800 wakaipokea mizigo na kuipandisha kwa njia ya milima mpaka juu ya maporomoko, hapo ikaungwa mara ya pili. Tarehe 12 Oktoba 1875 ikaingia ziwa Nyasa. Young alistaajabu kwa kuwa hakuna kipande kilichopotea. Nasi twaweza kustaajabu pamoja naye, maana mtu aliyekwisha kuhama nyumba hata kwa gari moja anajua vitu vinavyopotea njiani.

Baada ya hapo lilikuja shauri kubwa zaidi. Tajiri mmoja wa Glasgow, James Stevenson, mwaka 1881 aliahidi fedha ili ikatwe njia toka kaskazini ya Nyasa hata kusini ya Tanganyika. Ukiitazama ramani utaona uzuri wa shauri hilo: Zambezi, Shire, Nyasa, kisha njia ya maili 200 na kidogo, kisha Tanganyika yote. Wakaiita njia ya maji, na ile nchi kavu ikaonekana kama kivuko tu. Mhandisi wa njia hiyo, James Stewart, alikufa kwa homa mwaka 1883, na njia haikumalizwa kama ilivyokusudiwa. Hata hivyo meli ya misioni ya London, iliyoitwa Good News, ilipita huko huko vipande vipande, ikateremshwa Tanganyika mwaka 1885.

Lakini safari ninayotaka tuitazame kwa makini ni ile ya mwaka 1915. Hiyo haikuwa ya Injili, ilikuwa ya vita. Naichagua kwa sababu shauri lake laonyesha waziwazi ugumu uliomo katika safari zote za namna hii.

Vita Kuu ilipoanza, mwezi wa Agosti 1914, Wajerumani ndio waliotawala maji ya Tanganyika. Walikuwa na meli yao Hedwig von Wissmann, na nyingine ndogo iitwayo Kingani. Waliiharibu meli ya Wabelgiji upande wa Kongo, na mwezi wa Novemba wakaizamisha meli ya Waingereza, Cecil Rhodes. Tena huko Kigoma walikuwa wakiunga meli kubwa kupita zote, Graf von Götzen. Mwenye ziwa aliweza kupeleka askari popote pwani yake, na adui asijue watashukia wapi.

Mwezi wa Aprili 1915, huku kwetu masika yakinyesha na kule Uingereza miti ikichipua, mwindaji wa tembo aitwaye John Lee alikwenda katika ofisi ya manowari huko London, akamweleza Admirali Sir Henry Jackson shauri lake. Alisema, tusipeleke meli kubwa ya vipande; zitachukua muda mrefu kuungwa, na Wajerumani watapata habari na kuzichoma pwani. Tupeleke mashua za injini, ndogo, nyepesi, zenye mbio na mzinga, zifike nzima, ziteremshwe siku moja na kupigana siku ya pili. Jackson alilikubali. Yeye aliona ya kuwa manowari za Uingereza zina wajibu wa kupigana popote penye maji ya kutosha kuelea chombo.

Zikapatikana mashua mbili za mti wa mahogani, urefu wake futi 40, ambazo kampuni ya Thornycroft ilikuwa ikizitengeneza kwa ajili ya Wagiriki. Mkuu wa safari akawekwa Geoffrey Spicer-Simson, afisa wa manowari, mtu mwenye majivuno mengi kama wenzake walivyoandika baadaye. Alitaka mashua ziitwe Paka na Mbwa kwa Kiingereza; wakubwa wake wakakataa. Akaleta majina mengine, Mimi na Toutou, ambayo kwa Kifaransa ni maneno ya watoto ya kuitia paka na mbwa, na wakubwa wakayakubali bila kujua. Msomaji wa Kiswahili hana budi kutabasamu kusikia manowari ikiitwa Mimi.

Sasa fuateni njia yenyewe. Tarehe 15 Juni 1915 mashua zilipakiwa merikebuni kwenda Cape Town, maili zaidi ya 6,000. Toka Cape Town zikapanda reli, maili zaidi ya 2,000, mpaka Fungurume katika Katanga, ambapo reli ilikoma. Toka Fungurume zivuke milima ya Mitumba kwa njia ya msituni, maili karibu 150, hata Sankisia. Toka Sankisia reli fupi hata Bukama, penye mto Lualaba. Toka Bukama zielee mtoni mpaka Kabalo. Toka Kabalo reli tena mpaka Lukuga, mahali ambapo leo ni Kalemie, pwani ya Tanganyika. Hesabuni wenyewe: safari ya mashua yenye hatua sita, na katika hizo sita ni mbili tu zilizokuwa za maji, nayo hatua ya kwanza mashua zilikuwa abiria.

Lakini ugumu haukuwa katika urefu. Ugumu ulikuwa katika majira.

Katika nchi ya Katanga mvua huanza karibu na Oktoba na Novemba. Mvua zikianza, njia ya milima ya Mitumba huwa tope, na daraja la magogo huchukuliwa na maji kwa usiku mmoja. Kwa hiyo mashua zilipaswa kupita mlimani kabla ya mwisho wa Septemba, katikati ya kiangazi. Vema. Lakini mara ziliposhuka mlimani zilikuwa na mto wa kusafiria, na mto wa Lualaba mwisho wa kiangazi huwa umepungua kabisa, mafungu ya mchanga yanaonekana. Njia hutaka kiangazi. Mto hutaka masika. Mtu hawezi kupewa vyote viwili katika mwezi mmoja. Aliyefanya shauri hili alipaswa kuchagua ni wapi atateseka, na wakachagua kuteseka mtoni. Naona walichagua vema, maana chombo kilichokwama mchangani chaweza kusukumwa, lakini kilichoanguka bondeni pamoja na gari lake hakina wa kukiokota.

Lee alitangulia kuitafuta njia na kuifungua. Watu wa nchi ile waliitwa kwa maelfu, wakakata miti, wakapasua miamba, wakajaza makorongo, wakajenga madaraja zaidi ya 100 katika maili zile 150. Lee mwenyewe, aliyeleta shauri lote, akasingiziwa mambo na kuondolewa kazini kabla mashua hazijavuka. Hakupata kuziona zikielea ziwani.

Mwanzo wa Agosti mashua zikafika Fungurume. Kila moja iliwekwa juu ya magurudumu, na mbele yake likafungwa gari kubwa la mvuke, lenye magurudumu ya chuma, lililokula kuni na kunywa maji. Magari yaliposhindwa na mteremko, maksai walifungwa nira, na kamba zikapitishwa katika makapi yaliyofungwa mitini, hivyo mashua zikavutwa hatua kwa hatua. Madaraja mengine yalilia na kubonyea chini ya uzito. Mwezi wa Septemba zikafika juu ya milima, futi zipatazo 6,000 juu ya bahari. Zaidi kuliko mahali tunapoishi sisi hapa Makumira! Manowari kukaa juu ya mlima si jambo lililoonekana tangu siku za Nuhu.

Hapo kiangazi kilichotafutwa kikawadai malipo yake. Njia ilikuwa kavu kama walivyotaka, lakini ukavu huo haukuacha maji ya magari ya mvuke. Vijito vilikuwa vimekauka. Ndipo wanawake wa vijiji vya jirani wakaitwa, wakachota maji mbali, wakayaleta kwa mitungi kichwani, maili nyingi, ili magari yapate kunywa. Waafrika na Wazungu wote wakapimiwa maji ya kunywa kwa kiasi kidogo.

Simameni hapa kidogo, wasomaji wangu, mwitazame picha hii, maana mimi kila nikiifikiri sitaki kuipita haraka. Mashua mbili za injini, zilizotengenezwa kwa ustadi mkuu, zimesimama juu ya mlima mkavu, nazo haziwezi kusogea hata hatua moja mpaka mwanamke atokee kwenye kichaka na mtungi wa maji kichwani. Wale Waingereza kama 28 wana majina yao vitabuni, na vyeo vyao na nishani zao. Hao wa mitungi, pamoja na wakata miti na wapiga kasia, mara nyingi hutajwa kwa jumla, neno moja, "wenyeji". Lakini katika shauri la safari ile wao ndio waliokuwa milango ya maji. Kule Ulaya chombo huinuliwa juu ya kilima kwa maji yanayojazwa katikati ya milango. Huku kiliinuliwa kwa maji yaliyoletwa kichwani.

Tarehe 28 Septemba mashua zikafika Sankisia, mvua kubwa hazijaanza. Zikapanda reli fupi hata Bukama, na mwanzo wa Oktoba zikateremshwa katika Lualaba. Sasa ikawa zamu ya mto kudai. Maji yalikuwa machache. Watu walifunga mapipa matupu kando ya mashua ili ziinuke na zisizame sana. Wapiga kasia wa mtoni, wanaojua kila fungu kwa jina, ndio waliozielekeza. Na hata hivyo zilikwama tena na tena, watu wakashuka majini wakazisukuma, viboko wakiwatazama. Baadaye meli ya mtoni ya Wabelgiji ikazisaidia. Njia yao ilipita katika nchi ya maziwa na mafunjo iliyo pande zote za Lualaba, penye ziwa Kisale, ambapo visiwa vya mafunjo hutembea vyenyewe juu ya maji na kuziba mahali palipokuwa wazi jana. Katika safari yote, hapo ndipo palipokuwa kama mifereji ya Ulaya: maji membamba, kuta za majani kulia na kushoto, na chombo kikipenya taratibu. Tofauti yake ni kwamba mifereji hii hakuna aliyeichimba, wala haikai mahali pamoja.

Zikafika Kabalo, zikapakiwa reli, na mwisho wa Oktoba zikawa Lukuga. Miezi minne na nusu tangu zilipoondoka Uingereza, wala hazikuwa zimeharibika sana. Zikafichwa mpaka gati lilipokuwa tayari, zikateremshwa ziwani siku mbili kabla ya sikukuu ya Krismasi.

Vita vyenyewe vilikuwa vifupi kuliko hata siku moja ya njia ya Mitumba. Jumapili, tarehe 26 Desemba 1915, Spicer-Simson alikuwa akiwasomea watu wake sala za asubuhi alipoletewa habari ya kuwa Kingani inakuja. Akaimaliza ibada kwanza, kisha wakaenda. Kwa muda mfupi Kingani ikapigwa, nahodha wake na wengine wakafa, nayo ikatekwa na kupewa jina la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa.

Huku kwetu, katika miezi ile ile, wengine walionyeshwa gharama ya kuyadharau majira. Mwezi wa Machi 1916 majeshi ya Waingereza na Makaburu, chini ya Jenerali Smuts, yaliingia nchi ya Kilimanjaro na Meru. Mwanzo wa Aprili Jenerali van Deventer alitoka Arusha na wapanda farasi wake kwenda Kondoa Irangi. Kila mzee wa Meru angaliweza kumwambia Aprili ni mwezi gani. Waliifikia Kondoa, lakini masika yakafunga njia nyuma yao. Mikokoteni ikazama topeni, farasi wakafa kwa mamia, askari wakala nusu ya posho, na chakula kikachukuliwa na wapagazi vichwani katika matope toka Lolkisale. Van Deventer alikuwa mpiganaji hodari, mwenye watu na silaha kushinda mara nyingi kundi la Spicer-Simson. Lakini lile kundi dogo lenye mashua mbili lilifika zima, kwa kuwa mtu mmoja alikwisha kukaa na kuuliza: mvua yanyesha lini huko?

Imebaki habari ya meli kubwa, Graf von Götzen. Nayo ilikuwa na shauri lake. Iliundwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, huko Ujerumani. Papenburg ni mji wa mifereji kabisa, iliyochimbwa ili kukausha nchi ya kinamasi, na nyumba zake zimepangwa kandokando ya maji. Meli ilipokwisha kuundwa ilifunguliwa tena, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam. Wajerumani hawakuuliza habari ya masika wala kiangazi, maana reli yao ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Reli haitaki majira, na kwa hiyo ndiyo mfereji wa kweli tuliochimbiwa katika nchi hii. Nasi twajua waliobeba udongo wake na mataruma yake walikuwa nani. Meli ikateremshwa ziwani mwezi wa Februari 1915, miezi miwili kabla Lee hajafika London na shauri lake.

Lakini Götzen haikupigana na Mimi na Toutou. Spicer-Simson alipoiona aliiogopa, akaiacha iende. Tarehe 26 Julai 1916, reli ilipokuwa karibu kutekwa, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Mafundi wake walizipaka injini mafuta mengi kwanza, wakitumaini kurudi. Hawakurudi wao, ila mafuta yalifanya kazi yake. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kusafiri kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa upande wa kusini. Ikapita nyakati za Waingereza, ikaona Uhuru, ikaendelea kuchukua abiria na dagaa na magunia ya mahindi hata katika karne hii, ikipita mbele ya vijiji ambavyo havina gati, na watu wakiifuata kwa mitumbwi. Mashua mbili zenye mbio zilizofanya ushujaa hazionekani tena. Iliyosafiri miaka mingi ni ile iliyokuja kwa masanduku.

Habari hizi naliwasimulia watoto wa darasa langu kwa siku tatu. Kisha nikawarudishia karatasi zao wazitengeneze. Yule kijana wa mstari wa buluu aliiketia yake muda mrefu. Alipoileta, mstari ulikuwa umekatika mahali pengi, na kila palipokatika amechora vichwa vya watu kwa penseli, na kuandika hesabu. Penye ukuta wa Nyumba ya Mungu: watu wanane, siku moja. Hale: watu ishirini, siku tatu, kamba mbili. Siku kumi zimekuwa siku arobaini na mbili. Na juu, palipokuwa pameandikwa mwezi wa safari, amefuta "Agosti" na kuandika "Mei, mwisho wake, mvua zikipungua na mito ikiwa ingali na maji."

Nikamwuliza, "Na hao watu ishirini wa Hale watakula nini?"

Akaichukua karatasi yake akarudi kuketi.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda naye na wenzake mferejini kujaribu mashua ya gogo la mgomba waliyoichonga. Tulipofika, maji yalikuwa machache kama upana wa kiganja. Mzee mmoja msimamizi wa mfereji alikuwa ameketi penye banio. Watoto wakampa shikamoo, akaitika, akaitazama mashua yao, akatutazama na sisi.

"Leo ni zamu ya watu wa chini, wajukuu zangu," akasema. "Rudini Jumatano."